Mbili Mara Tatu

Leo naomba tuanze na hesabu ya darasa la pili. Mbili mara tatu ni ngapi?

Usicheke. Najua umekwisha jibu, tena bila kuhesabu vidole. Ni sita. Ndivyo tulivyofundishwa, tukasimama mstari mmoja mbele ya mwalimu na kuimba: mbili mara moja mbili, mbili mara mbili nne, mbili mara tatu sita. Aliyekosea alijua kilichomngoja. Mama yangu mzazi naye alifundishwa hivyo hivyo huko Muheza, miaka zaidi ya sitini iliyopita. Hakufika mbali na masomo, lakini jedwali la kuzidisha alilitia kichwani na halijamtoka hadi leo. Kwa jedwali hilo aliuza maandazi na vitumbua pale stendi, akatusomesha watoto watano. Na ni jedwali hilo hilo ambalo wakati wa masika ya mwaka huu nusura limtoe roho.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama alikuja kwangu Dar es Salaam kupumzika, na mvua zilipoanza magoti yakamzidi. Mke wangu akampeleka kwenye zahanati moja, daktari akamtazama, akamwandikia cheti, nao wakaenda dirisha la dawa. Foleni ilikuwa ndefu, watoto wanalia, na dirishani palikuwa na dada mmoja tu. Dada yule akahesabu vidonge thelathini vya parasetamoli, akavitia katika kibahasha cheupe, akaandika juu yake kwa kalamu ya wino: 2 x 3. Akakisukuma chini ya dirisha na kusema, “Mbili mara tatu, bibi. Anayefuata!”

Mama akaitika, “Ahsante, mwanangu.” Wakarudi nyumbani.

Kesho yake sisi wakubwa tulikwenda makazini na watoto wakaenda shule. Mama akanywa chai, akavaa miwani yake, akachukua kibahasha na kusoma. Mbili mara tatu. Akapiga hesabu aliyofundishwa. Sita. Akameza vidonge sita. Ni mara ngapi kwa siku? Hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Dawa, kwa desturi aliyoizoea, humezwa baada ya chakula, na chakula huliwa asubuhi, mchana na usiku. Kwa hiyo baada ya chakula cha mchana akameza sita vingine.

Nilirudi jioni nikamkuta barazani, uso umemshuka. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, “Mwanangu, hizi dawa za siku hizi ni nyingi mno. Tumbo limejaa vidonge, hata wali haupiti. Na zilizobaki hazivuki kesho mchana.”

Nikachukua kibahasha. Vidonge kumi na viwili. Nikamwuliza, “Mama, vingine viko wapi?”

Akasema, “Si nimemeza? Sita asubuhi, sita mchana.” Kisha akafungua kiganja. “Na sita vya usiku hivi hapa. Nangoja nile kwanza.”

Ndugu msikilizaji, parasetamoli ni dawa tunayoifanyia mzaha. Kila nyumba inayo, kila duka linayo, hata mtoto huagizwa akainunue. Lakini kidonge cha kawaida kina miligramu 500, na mtu mzima haruhusiwi kuzidisha vidonge vinane kwa saa ishirini na nne, sembuse mzee aliyekonda. Ukizidisha sana, kinachoumia ni ini, na ubaya wa ini ni kwamba halipigi kelele mapema. Siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia kichefuchefu tu, au asijisikie chochote, kumbe mambo yanaharibika ndani kwa ndani. Mama alikuwa amekwisha meza kumi na viwili. Vile sita vya kiganjani vingefanya kumi na vinane kwa siku moja, na kesho yake asubuhi angeendelea, kwa sababu mama yangu ni mtu wa kufuata maagizo.

Tulikimbia hospitali usiku ule ule. Wakamchukua damu, wakamlaza siku mbili, wakamchukua damu tena. Mungu ni mwema, ini lilisalimika. Lakini lipo jambo moja la usiku ule ambalo haliniishi moyoni. Daktari wa zamu, kijana mpole, alimwuliza, “Bibi, nani alikwambia umeze sita?” Mama hakubishana. Alitia mkono katika pindo la khanga, akatoa kile kibahasha, akampa. Akasema, “Imeandikwa.”

Daktari akakitazama, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele. Hakusema neno.

Nakiri mbele yenu kwamba hasira zangu za kwanza nilizielekeza kusikostahili. Njiani kwenda hospitali nilikuwa nikijisemea kimoyomoyo, hawa wazee wetu bwana, kusoma kwenyewe shida. Kumbe niliyekosea ni mimi. Mama alisoma vizuri kuliko sisi sote. Mimi nikiona 2 x 3 juu ya bahasha ya dawa huwa sisomi, huwa nakumbuka. Nakumbuka kwamba miaka yote nimeambiwa maana yake ni viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku. Asiyekuwa na kumbukumbu hiyo, naye akasoma kilichoandikwa, atapata sita. Na sita ndilo jibu sahihi. Mwulize mwalimu yeyote.

Hasira zangu za pili nilizielekeza kwa yule dada wa dirishani. Nazo zikapoa. Yeye alikuwa na watu arobaini mbele yake na mikono miwili. Akafupisha. Tena hakuanza yeye kufupisha. Daktari aliyeandika cheti naye alikwisha fupisha kabla yake. Ukiona herufi T.D.S. kwenye cheti, ujue hicho ni Kilatini cha kusema mara tatu kwa siku; B.D. ni mara mbili kwa siku. Daktari anamwandikia mtoa dawa, na mtoa dawa anakielewa Kilatini hicho. Naye mtoa dawa anakigeuza kuwa 2 x 3, alama ambayo anaielewa yeye na wenzake. Kila mmoja katika mnyororo ule anamwandikia mtu anayejua tayari. Mtu wa mwisho, ambaye ndiye atakayemeza, hakuna aliyemwandikia.

Hebu sasa tuitazame lugha yetu wenyewe, maana tunailaumu bure kwamba haitoshi. Neno “mara” kwetu linafanya kazi mbili. Linafanya kazi ya kuzidisha, na linafanya kazi ya kuhesabu ni safari ngapi jambo limetendeka. Mbili mara tatu ni hesabu. Lakini Kiswahili kimekuwa na dawa ya utata huo tangu zamani. Ukisema “viwili viwili,” kila mtu, hata mtoto asiyekwenda shule, anajua kwamba ni viwili kwa kila safari. Wapange wawili wawili. Wape moja moja. Hakuna anayekosea. Wazee wetu wa zahanati za zamani walikuwa wakisema “viwili viwili, kutwa mara tatu,” na maneno hayo yalitosha, ingawa hata hilo “kutwa” lina mtego wake, kwa kuwa kutwa ni tangu jua kuchomoza hadi kuchwa, na mtu makini anaweza kumaliza dozi zote tatu kabla ya magharibi. Sisi tukaona maneno yale ni marefu. Tukayakata tukabakiza tarakimu mbili na msalaba katikati.

Kabla sijaendelea kunyoosha kidole, nirudishe kidole hicho kwangu. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii ya redio, nikiwa na stashahada yangu ya uandishi wa habari ingali mpya, nililetewa tangazo la chanjo ya watoto. Liliandikwa kwa Kiingereza, na saa iliyotajwa ilikuwa 8:00. Nikalitafsiri haraka haraka, nikaingia chumba cha matangazo na kusoma kwa sauti yangu nzuri: akina mama wafike na watoto wao saa nane.

Mnajua kilichotokea. Saa nane ya Waingereza asubuhi ni saa mbili kwetu. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapotoka, kwa sababu huku karibu na ikweta jua hutoka na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, na hakuna saa ya kuaminika zaidi ya hiyo. Wao wanaanza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri. Kati ya hesabu hizo mbili kuna tofauti ya saa sita. Wauguzi walifika saa mbili asubuhi wakangoja, wakaona watu wachache, wakafunga masanduku yao ya barafu wakaondoka. Akina mama wakafika saa nane mchana, juani, wakakuta mlango umefungwa.

Siku mbili baadaye mama mmoja alikuja getini kwetu na mtoto mgongoni, akasema anataka kumwona yule anayesema redioni. Nikatoka. Nilitegemea matusi. Hakunitukana. Alisema, “Kaka, nilikusikia vizuri kabisa. Ulisema saa nane.” Nilipomsikia mama yangu akimwambia daktari “Imeandikwa,” nilimkumbuka mama yule. Wote wawili walifanya walivyoambiwa.

Basi jambo ninalotaka kulisema leo ni hili. Tunaishi katika wakati ambao habari hazikosekani. Simu ziko mifukoni, ujumbe unaingia usiku na mchana, risiti, fomu, namba za kumbukumbu, namba za siri. Tunadhani kazi kubwa ni kuifikisha habari. Lakini habari inaweza kufika salama salimini na ikaua, kama aliyeipanga hakumfikiria mtu wa mwisho. Kupanga habari ni ufundi, kama useremala. Na kama ulivyo useremala, ukifanywa vizuri hakuna anayeuona. Anayekalia kiti imara hamkumbuki seremala. Hadi siku kiti kitakapovunjika.

Nitatoa mifano ya viti imara, ili nisiwe mtu wa kulalamika tu.

Chukua namba za Luku tunazoingiza katika mita za umeme. Ni tarakimu ishirini. Ziandike mfululizo bila nafasi, umwambie mtu azisome gizani huku ameshika tochi. Atarudia mara tatu na bado atakosea. Ziandike nne nne, makundi matano, na mtoto wa darasa la nne ataziingiza. Tarakimu ni zile zile. Kilichoongezwa ni nafasi tupu. Sababu yake inajulikana. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika makala mashuhuri kuhusu uwezo wa kumbukumbu ya papo kwa papo, akaeleza kwamba hubeba vitu kama saba hivi, vikipungua au kuzidi viwili. Watafiti waliomfuata, kama Nelson Cowan mwaka 2001, waliishusha hesabu hiyo hadi vitu kama vinne. Kwa hiyo ukimpa mtu nne nne, unampa mzigo anaoweza kuubeba kutoka kwenye karatasi hadi kwenye mita bila kuumwaga njiani.

Chukua kutuma pesa kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Namba ya simu ni tarakimu kumi, na kidole kikiteleza kwenye moja tu, ada ya mtoto imekwenda kwa mtu usiyemjua. Leo, kabla pesa hazijaondoka, jina la mpokeaji hutokea kwenye kioo. Jina hilo ni jambo dogo sana. Lakini macho yetu, ambayo hayawezi kutofautisha namba mbili zinazofanana, hayawezi kulikosea jina la shangazi. Aliyebuni hivyo alimfikiria mtu aliyechoka, aliyesimama kituoni, mvua inanyesha.

Na chukua dawa ya malaria, ile tunayoiita mseto. Dawa hiyo hutolewa kwa uzito wa mgonjwa, na kwa hesabu za kawaida ingekuwa balaa tupu: huyu kimoja, huyu viwili, huyu vitatu, huyu vinne, asubuhi na jioni, kwa siku tatu. Walioitengeneza wakaifunga katika pakiti tofauti: vidonge 6 kwa mtoto mdogo, kisha 12, kisha 18, na 24 kwa mtu mzima. Pakiti yenyewe imekwisha piga hesabu. Mama wa mtoto hazidishi wala hagawanyi. Pakiti ikiisha, dozi imeisha.

Sasa tazama na kiti kibovu. Nenda dukani Kariakoo ukachukue kikokotoo cha mwenye duka, kisha ukitazame pamoja na simu yako. Kwenye simu, moja, mbili, tatu ziko juu. Kwenye kikokotoo juu kuna saba, nane, tisa. Vifaa viwili, mkono mmoja, tarakimu zile zile, na mpangilio umepinduliwa. Wahandisi wa maabara za kampuni ya simu ya Bell huko Marekani walijaribu mipangilio kadhaa ya vitufe na kutoa matokeo yao mwaka 1960, na simu za vitufe zikaanza kutolewa kwa wateja mwaka 1963. Kikokotoo kikafuata desturi ya mashine za hesabu zilizokuwapo. Kila upande ulikuwa na sababu zake. Mwenye duka ndiye aliyeachiwa kazi ya kukumbuka anashika nini.

Turudi kwenye dawa. Mtu asidhani kwamba mkasa wa mama yangu ni mambo ya Muheza. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, bibi mmoja aliyeitwa Helen Adler alimeza kwa makosa dawa za mumewe, Herman. Chupa zao zilikuwa karibu sawa, zote za rangi ya machungwa, zenye maandishi madogo yaliyozunguka chupa, na juu yake jina linaloanza na herufi ile ile. Mjukuu wao, Deborah Adler, alikuwa akisomea usanifu wa michoro. Hakuishia kumwambia bibi yake awe mwangalifu. Aliifanya chupa ya dawa kuwa kazi yake ya mwisho ya masomo.

Chupa aliyoibuni ilikuwa na upande bapa, ili maandishi yasizunguke. Jina la dawa na namna ya kuitumia viliwekwa mahali jicho linapotua kwanza, kwa herufi kubwa. Mambo ya duka yakawekwa pembeni. Shingoni palikuwa na pete ya rangi, na kila mtu wa nyumba akawa na rangi yake. Kampuni ya maduka ya Target iliichukua, na mwaka 2005 ikaanza kuitumia katika maduka yake ya dawa. Miaka kumi baadaye sehemu hiyo ya biashara iliuzwa kwa kampuni nyingine, na chupa zile zikaondolewa. Wateja walilalamika sana. Hapo ndipo walipogundua kwamba muda wote walikuwa wamekalia kiti cha seremala hodari.

Huko huko Marekani, mwaka 2006, ulitolewa utafiti ambao nilipousoma nilibaki nimeduwaa. Watafiti waliwapa wagonjwa 395 chupa za dawa wasome maelekezo. Mojawapo lilisema: meza vidonge viwili mara mbili kwa siku. Miongoni mwa wale wenye uwezo mdogo wa kusoma, watu saba katika kila kumi waliweza kuyarudia maneno hayo sawasawa. Kisha wakaulizwa, haya, tuonyeshe vidonge vya kumeza kwa siku nzima. Walioweza kuhesabu na kuvitoa vinne walikuwa kama theluthi moja tu. Kwa hiyo tukimwuliza mgonjwa “umeelewa?” naye akarudia maneno yetu, bado hatujajua lolote. Mama naye aliweza kurudia. Mbili mara tatu.

Mama alipotoka hospitali, baraza la nyumba lilikaa kutafuta namna ya kuzuia jambo hili lisirudi, maana bado alikuwa na dawa za shinikizo la damu. Binti yangu, aliye kidato cha pili, alikuwa na jawabu tayari. Akachukua simu ya bibi yake, akapakua programu ya kukumbusha dawa, akaitega. Kesho yake asubuhi simu ikalia, ikaonyesha 7:00. Bibi akaitazama. “Inasema saa saba,” akasema, “na jua ndiyo kwanza linachomoza. Simu yako imeharibika, mjukuu wangu.” Ilipolia tena jioni, akaizima, akauliza, “Sasa inalia, lakini mbona haisemi nimeze nini?”

Binti yangu akanuna. Mimi nikacheka, lakini nikaona kwamba mama ameuliza swali ambalo mtengenezaji wa programu ile hakujiuliza. Kengele inakwambia kuna jambo. Haikwambii jambo gani.

Mwishowe mama alijitengenezea utaratibu mwenyewe. Alitoa kabatini vikombe vitatu vya kahawa, vile vidogo visivyo na mikono, alivyokuja navyo kutoka nyumbani. Akavipanga juu ya kabati, kutoka kwenye dirisha la mashariki kuelekea mlangoni. Kikombe kilicho karibu na dirisha ni cha asubuhi, cha katikati cha mchana, na cha mlangoni ni cha usiku. Kila usiku, mke wangu au mimi tunakaa naye, tunasoma bahasha pamoja, na tunatia katika kila kikombe vidonge vyake vya kesho. Kikombe chenye vidonge hakijanywewa. Kikombe kitupu kimenywewa. Hata akisahau kama amemeza, kikombe kinakumbuka. Wajukuu wakamwekea kila kimoja kifuniko cha kufuma, kwa ajili ya vumbi.

Simu nayo hatukuitupa. Binti yangu, hasira zilipokwisha, alinijia na shauri. Akasema, “Baba, wewe kazi yako si kusema? Basi mwambie bibi.” Kwa hiyo nikarekodi maneno matatu matatu, asubuhi, mchana na usiku, na kengele ikabadilishwa kuwa sauti yangu. Ya asubuhi inasema hivi: “Mama, shikamoo. Kumekucha. Kikombe cha dirishani.” Nimesoma taarifa za habari miaka zaidi ya ishirini, na hilo ndilo tangazo langu fupi kuliko yote. Lina msikilizaji mmoja. Wala sijapata kuhariri tangazo lolote kwa uangalifu kama huo.

Ndugu msikilizaji, sina cheo cha kuwaagiza madaktari wala watoa dawa. Naomba tu. Wewe dada wa dirishani, ninajua foleni yako. Lakini kuandika “asubuhi 2, mchana 2, usiku 2” kunachukua sekunde chache tu zaidi ya kuandika 2 x 3. Kama hata sekunde hizo hazipo, na mwenye zahanati asikie: chapisha bahasha zenye jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na chini ya kila mchoro acha nafasi ya kuandika tarakimu moja. Na usimwulize mgonjwa kama ameelewa. Mwulize, “Bibi, kesho ukishakunywa chai, utameza vingapi?” Kisha ngoja jibu.

Na wewe unayepokea dawa, au unayempokelea mzazi wako, usione haya kusimama dirishani ukauliza: vingapi kwa mpigo mmoja? Lini na lini? Kwa siku nzima vinakuwa vingapi? Walio nyuma yako wataguna. Waache wagune.

Na sisi wengine tunaoandika matangazo, fomu, mabango, na ujumbe wa simu wa kuwaita watu mkutanoni, tujaribu kipimo hiki kimoja. Kabla ya kuutuma, mpe aliye nje ya mambo yako ausome, halafu mwambie atende, si arudie. Mimi siku hizi kila tangazo lenye saa ndani yake namsomea mama kwanza. Ananiuliza, “Asubuhi au usiku? Ya jua au ya Wazungu?” Nikishindwa kumjibu, karatasi inarudi ofisini kwa walioileta.

Kile kibahasha ninacho hadi leo. Nilimwomba mama nikitupe, akakataa. Amekibana katika daftari lake la zamani la hesabu za maandazi. Juzi nilimwona amekifungua, amevaa miwani, anakitazama. Akaniita, akanionyesha kwa kidole.

“Mwanangu,” akasema, “lakini si ni sita?”

Nikamwambia, “Ni sita, mama. Wewe hukukosea.”

Akaridhika, akafunga daftari.